Ndege Chini ya Chokaa

Mei 22

Irini amenipa daftari hili. Lilikuwa lake la shule. Kurasa za mwanzo zimejaa kemia. Amezikunja, akaniambia, "Baba, badala ya kutunung'unikia sisi, linung'unikie hili. Lenyewe halina masikio." Binti yangu ana miaka kumi na tisa na ulimi wa bibi yake. Basi nalinung'unikia.

Mimi ni Besada mwana wa Luka, mchoraji wa nyumba za mahujaji. Nina miaka ishirini na saba katika kazi hii. Mtu wa kijiji hiki akienda Makka, akirudi huikuta safari yake imemtangulia ukutani: ndege, Kaaba, ngamia, simba mwenye upanga, na jina lake kwa rangi ya kijani. Mimi mwenyewe sijafika Makka wala sitafika, maana ni Mkopti, na Jumapili utanikuta kanisani nasinzia nyuma ya nguzo. Lakini hakuna mtu huku kwetu aliyeichora Kaaba mara nyingi kuliko mimi.

Mwaka jana nilichora nyumba mbili tu. Siku hizi watu huchapisha mabango ya plastiki mjini Qena, picha ya hujaji humo humo, kesho yake yametundikwa. Huo ndio wimbo ninaouimba nikiulizwa mbona sifanyi kazi. Ukweli wenyewe ni mwingine. Hata zile nyumba mbili nilizichora kama mtu anayeosha vyombo vya watu. Mkono unaijua njia kama punda anavyoijua njia ya nyumbani, na mimi nalala juu yake. Raha imeniondoka, sijui ilitokea mlango gani.

Mei 23

Joto. Sikuchora.

Mei 24

Joto. Sikuchora. Demiana, mke wangu, kaniuliza kama brashi zangu nazo zimefunga saumu.

Mei 27

Leo asubuhi aliingia Bahiya, mama yake Rifaat, mjane anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ndiye aokaye mkate wa jua ulio bora kuliko wote upande huu wa Nili. Hakubisha hodi, yeye huwa habishi.

"Fundi yupo au kafa?"

"Yupo, Mama Rifaat," Demiana akajibu. "Ila ndiyo hivyo, kama unavyomwona."

"Basi aamke. Jina langu limetoka!"

Miaka kumi na moja mama huyu ametia jina lake kwenye kura ya hija, na miaka kumi na moja limetoka la mwingine. Demiana alimrukia shingoni, wakalia wote wawili. Mimi nilifurahi kwa dhati, kisha nikaogopa, kwa sababu nilijua kinachofuata.

"Nataka ukuta," akasema.

Nikapita pembeni. "Siku hizi kuna mabango mazuri sana..."

"Bango jua likilipiga miezi miwili, kwenye uso wa hujaji inabaki pua. Nataka ukuta, Besada. Lakini sitaki ukuta kama wa shemeji yangu Subhi, wala kama wa mtu mwingine yeyote. Wote umewapa ndege ileile. Na Subhi, mtu ana mguu mmoja, wewe umemchorea miwili!"

"Nilimwongezea kwa heshima."

"Heshima gani? Mtu kazunguka Kaaba kwa mguu mmoja na gongo, wewe unampunguzia thawabu zake!"

Demiana alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, lakini ule msumari uliingia. Nilikubali kazi. Sikukubali kwa kuwa nataka, nilikubali kwa kuwa mama yangu alipofariki, mkate uliolisha waombolezaji siku tatu ulitoka kwenye tanuri la Bahiya, na hakuna aliyemwomba.

Juni 3

Nimesugua ukuta wake, nikapaka chokaa mkono wa kwanza. Ukuta ni mkubwa, unatazama barabara. Mweupe kabisa. Ulinitazama nami nikautazama, nikarudi nyumbani kunywa chai.

Juni 6

Chokaa mkono wa pili. Joto.

Juni 9

Irini anasema wasanii wakubwa husubiri msukumo. Nikamwambia mimi nimesubiri miaka mitatu, labda umekosea nyumba. Demiana akadakia kutoka jikoni, "Utaijuaje nyumba ya mchoraji, na kuta zake hazina hata mstari? Mganga hajigangi!" Ni kweli. Tumeoana miaka ishirini na mbili na sijachora hata ua kwenye ukuta wetu. Kwetu hajasafiri mtu.

Juni 12

Bahiya ameondoka leo. Kijiji kizima kilitoka. Wanawake waliimba zile nyimbo za kuwaaga mahujaji ambazo nazijua tangu utotoni, na mimi nimo, nimebeba furushi lake. Nilipanda mwenyewe juu ya basi nikalifunga kwa kamba, maana yeye amepata ile safari ya nchi kavu: basi hadi baharini, kisha meli, kisha basi tena. Alikaa dirishani, nguo zake nyeupe mpya bado zina mikunjo ya dukani. Akaniita kwa kidole.

"Nikifika kwenye Nyumba ya Mungu, nikuombee nini?"

Nikaona haya. Watu wengi walikuwa wanasikiliza. Nikasema, "Niombee mkono wangu, Mama Rifaat. Umechoka."

Akanikazia macho. "Mkono wako hauna ugonjwa. Nitakuombea macho." Basi likaanza kuguruma, akapaza sauti: "Mimi naenda, lakini wewe fika kabla yangu! Nisije nikakuta ukuta mtupu!"

Nilirudi nyumbani nimeudhika kidogo. Macho yangu ni mazima, nasoma bila miwani.

Juni 15

Nimeanza! Nilikwenda alfajiri kabla jua halijawaka, nikachanganya buluu na gundi, na hadi saa nne ndege ilikuwa imekamilika: mabawa, madirisha kumi na mawili, na moshi nyuma. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikasema, kumbe hakuna lolote, ilikuwa uvivu tu.

Juni 16

Naandika haya kwa aibu.

Leo nilikuwa nazipaka rangi taa za ndege. Sabah, mke wa Rifaat, akatoka na kapu la nguo, akasimama nyuma yangu pamoja na majirani wawili.

"Ami Besada, shikamoo. Hiyo ndege imembeba nani?"

"Marahaba. Imembeba mkweo, nani tena?"

"Mkwe wangu si ulimpandisha basi wewe mwenyewe? Au lilipofika kwenye kona liliota mabawa?"

Wale majirani walishikana mabega kwa kicheko. Mmoja akasema labda fundi alifunga furushi kwa nguvu hadi basi likaruka.

Nilifunga lile furushi kwa mikono yangu. Nililiona basi: la njano, lina ufa kwenye kioo cha mbele, dereva ametundika kitambaa cha kijani. Nilisimama kwenye vumbi lake mpaka likapotea. Siku tatu baadaye nikamchorea ndege. Nimefanya kazi hii hadi siangalii tena. Nachora hija, ile hija moja iliyomo mkononi mwangu, na mtu aliyesafiri simwoni. Nimefikiria wote niliowachorea. Yule mama aliyeuza nyati wake wawili apate kwenda. Yule mzee kipofu aliyeongozwa na mwanawe. Wote niliwapa ndege ileile. Na Subhi nikampa mguu asiokuwa nao.

Bahiya aliliona tatizo akiwa dirishani mwa basi. Mimi nilidhani ananitania.

Juni 17

Nimepaka chokaa juu ya ndege, mikono miwili. Ukuta mweupe tena. Siku ishirini na moja zimebaki kabla hajarudi.

Juni 18

Sikuchora, lakini sikulala pia. Nilimwomba Sabah ruhusa nipande kwenye paa lao. Pale ndipo Bahiya huanika mkate, kila donge kwenye sahani yake ya udongo, liumuke juani. Sabah alikuwa anageuza zile sahani jua lisipige upande mmoja.

"Mama anazihesabu kila siku," aliniambia. "Hii ya Rifaat, hii ya jirani mgonjwa, hii ya mwalimu asiye na mke. Na hii hapa huwa ya kwenu."

"Ya kwetu? Sisi tunaoka wenyewe."

"Anajua. Anasema Demiana akizidiwa na kazi atatuma mtu. Asipotuma, tunawapa kuku."

Miaka yote hiyo donge letu limekuwa likiumuka juu ya paa la watu na sina habari. Nilikaa nikachora zile sahani nyuma ya boksi la sabuni, kwa kalamu ya Irini. Moja, mbili, hadi arobaini. Jua lilipozidi Sabah alinifukuza, akasema hataki maiti juu ya mkate. Nilishuka na kichwa kinauma na moyo mwepesi. Sijui niiite nini ile hali, ila naijua. Ilikuwa yangu zamani.

Juni 21

Rifaat alinisikilizisha sauti ya mama yake kwenye simu. Amefika Makka. Nilitarajia dua na kilio. Badala yake anasema hivi, na nimeandika neno kwa neno:

"Mwambieni Besada Kaaba siyo nyeusi mpaka chini! Wameipandisha nguo yake, na chini wameivika kitambaa cheupe. Imekuwa kama mwanamke anayetaka kuvuka mfereji. Wallahi nilipoiona hivyo nikasema, huyu naye ana kazi zake, kama mimi. Halafu sakafu ni baridi, jua lote lile na sakafu ni baridi chini ya unyayo! Mwambieni."

Miaka ishirini na saba nimeipaka nyeusi kutoka juu hadi chini. Nimemwomba Rifaat anirudishie mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anafuta machozi, nami pia, kila mmoja akijifanya ni jasho.

Juni 22

Nimechora basi. La njano. Na ufa wake.

Juni 24

Nimeanza Kaaba na pindo lake lililopandishwa. Chini yake nachora nyayo za wanawake tu, nyingi, na za Bahiya zina ule ufa wa kisigino anaoupaka mafuta ya taa. Nilikuwa naimba. Sabah kaniambia ninaimba vibaya.

Akaja Haji Subhi, shemeji yake Bahiya, kwa gongo lake. Ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Aliutazama ukuta muda mrefu.

"Ngamia yuko wapi?"

"Hakupanda ngamia, Haji."

"Simba?"

"Hakuonana na simba."

"Na haya madonge?" Alielekeza gongo kwenye zile sahani nilizozipanga juu, kuanzia paa lake nililolichora hadi kwenye meli. "Mkate kwenye ukuta wa hija, Besada? Mahujaji wenzake watatucheka. Shemeji yangu kangoja miaka kumi na moja achorewe jiko?" Akamgeukia Rifaat. "Mama yako anafika tarehe nane. Nimeshaagiza bango Qena. Ukuta huu usipokuwa umekaa sawa tarehe tano, bango litaufunika wote. Nimemaliza."

Rifaat aliangalia chini. Hawezi kumjibu baba yake mdogo mbele za watu, wala simlaumu. Kwa hiyo nina siku kumi na moja, na ukuta ambao huenda usionwe na mwenyewe.

Zamani ningeongeza simba yaishe.

Juni 27

Leo ni Arafa. Nyumba za Waislamu zimefunga, na Demiana amekataza kupika chochote chenye harufu. Redio inasema huko joto limepita kiasi. Nimechora kuanzia alfajiri, kisha nikarudi tena jioni.

Juni 28

Idi. Rifaat katuletea nyama kama kila mwaka. Mama yake hajapiga simu.

Juni 29

Hajapiga. Mmoja wa kundi lao amewaambia ndugu zake kwamba wanawake wawili walizimia kwa joto kule Mina. Majina hayajulikani.

Juni 30

Hajapiga. Sabah ameacha kugeuza sahani. Mkate umeumuka upande mmoja. Subhi alikaa mlangoni tangu asubuhi, gongo magotini.

Sikujua nifanye nini. Kwetu ukuta wa hujaji ni furaha, hauchorwi penye msiba. Nikiendelea, huenda namchora marehemu, na watu watasema fundi hana haya. Nikiacha, nitakuwa nimekubali. Nilisimama na kopo la rangi mkononi hadi rangi ikaanza kukauka. Demiana alipita akielekea kanisani, kitambaa kichwani, mshumaa mkononi.

"Unakwenda wapi na joto hili?"

"Kumwashia Bahiya kwa Bikira. Na wewe umesimama unangoja nini?"

"Sina moyo, Demiana."

"Moyo? Mimi nao ninao? Nimeshika mshumaa, naenda." Akanipita.

Nikachovya brashi. Nilichora mikono yake, ile mikono mifupi yenye unga kwenye kucha, imeinuliwa kuomba. Nilikuwa naogopa kwa kila mstari, na kila mstari ulikaa sawa. Nimekuwa nikidhani kwamba hamu huja kwanza, kisha kazi. Leo sikuwa na hamu hata chembe. Nilikuwa na kopo la rangi na mama wa watu asiyejulikana alipo. Subhi alinitazama wakati wote na hakunikataza.

Julai 1

Yupo hai! Bahiya yupo hai na mzima, Mungu asifiwe kwa majina yote anayoitwa katika mtaa huu!

Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo akitawadha. Waliozimia ni wengine, na mmoja wao, ajuza wa kutoka Esna, Bahiya amemuuguza kitandani siku tatu. Alipiga kwa simu ya mtu. Sabah alipiga kigelegele mpaka kuku wakaruka. Neno la kwanza la Bahiya, baada ya salamu: "Besada kafika wapi?"

Rifaat akanipa simu. Nikasema, "Nipo Mina, Mama Rifaat, nakungoja." Akacheka kicheko chake chote.

Julai 5

Nimemaliza saa tatu asubuhi. Subhi alikuja na bango limekunjwa kwapani. Alianza kwenye basi, akafuata zile sahani moja moja kwa gongo, hadi kwenye mikono. Hapo alisimama sana.

"Hii ni mikono yake," akasema.

"Ndiyo, Haji."

Akampa Rifaat lile bango. "Wafunikie kuku, wapate kivuli." Alikwenda hatua chache, akarudi. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye: "Ukipata nafasi, pita kwangu. Ule mguu uuondoe."

Julai 8

Amerudi Hajati Bahiya. Amekonda, ameungua jua, ana furaha kama bi harusi. Ngoma, vigelegele, vumbi la mtaa mzima. Sabah, katika kulituliza lile vumbi, alimwaga ndoo ya maji mlangoni, na kwa haraka zake nusu yake ikaupiga ukuta.

Chokaa ikilowa huonyesha kilichoko chini. Najua hilo tangu nikiwa kijana, na nilikuwa nimelisahau kabisa. Watu wote wakiwa wanatazama, juu ya basi la njano ikatokea ndege. Hafifu, ya kijivu, mabawa na madirisha yake kumi na mawili.

Nilitamani ardhi inimeze. Bahiya alikuwa tayari amekaa mbele ya ukuta, kwenye kiti walichomletea, ametazama kila kitu, amelia kwenye pindo la Kaaba, amecheka kwenye ufa wa basi, amegusa sahani ya mwisho akasema "hii ya kwa Demiana" bila kuambiwa na mtu. Sasa akainua kidole.

"Na ndege hii ya nani?"

Nikamwambia yote, mbele za watu. Kwamba nilimpandisha basi na nikamchorea ndege. Kwamba nilikuwa siangalii. Kwamba aliyoyasema dirishani yalikuwa kweli, na kwamba namshukuru, na kwamba kesho nitapaka chokaa mkono wa tatu.

"Ole wako uiguse!" akasema. "Unajua nilikuombea nini?"

"Macho."

"Macho niliyaomba siku ya kwanza. Siku ya pili nikaona Mungu ana nafasi, nikaongeza. Nikasema, Besada amewafikisha watu Makka miaka yote hii na yeye hajatoka kijijini. Nikawaombea wewe na Demiana mfike Yerusalemu, kwenye lile kaburi lenu la Nabii Isa, mrudi muitwe mahujaji wa kwenu." Akaitazama ndege, ambayo ilikuwa inaanza kupotea kwa jua. "Nami najiuliza njiani, watakwenda na nini? Kumbe usafiri umeshautengeneza."

Demiana alikuwa pembeni yangu. Hajawahi kuniambia kwamba anataka kwenda. Nilimgeukia, nikamtazama vizuri, nikaona kwamba amekuwa akitaka siku zote.

Julai 10

Nimeondoa mguu wa Haji Subhi. Amesimama karibu na picha yake wakati wote, na alipoondoka nilimwona anatembea kifua mbele.

Julai 11

Alfajiri nimepaka chokaa ukuta wetu. Demiana alitoka na unga mikononi, akashangaa.

"Kwetu kasafiri nani?"

"Hajasafiri mtu."

"Sasa?"

"Mchoraji hufika kwanza," nikamwambia. "Simama hapo penye mwanga, nikuone."